Fundi anataka kutoa majani ya springi kwenye pikapu yangu mpya: nikubali?

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Tandahimba, na shamba la korosho. Miezi miwili iliyopita nilinunua pikapu mpya, dabo kebini, imetembea kilomita 2,800 tu. Nikipakia mzigo inatulia vizuri, lakini ikiwa tupu inarukaruka mpaka kichwa kinagonga dari. Mama yangu anaumwa mgongo na kila mwezi nampeleka kliniki Mtwara mjini. Safari iliyopita alilia njia nzima, sasa anasema bora apande basi. Fundi wa hapa kwetu anashauri tutoe majani mawili ya springi kila upande, kazi ya saa mbili. Nikubali?

JIBU: Marahaba dada yangu, na pole sana, zaidi kwa mama. Usikubali. Mshukuru fundi wako na umwombe asubiri, kwa sababu yapo mambo ya kufanya kabla ya kufungua bolti hata moja, na mengi hayana gharama. Wala usikae na donge kwamba umeuziwa gari bovu. Umeshaeleza mwenyewe tatizo liko wapi uliposema likipata mzigo linatulia.

Pikapu za daraja hili, iwe Hilux, Ranger, D-Max au L200, zinatengenezwa kubeba karibu tani moja. Gari lenyewe tupu lina kama tani mbili, na sehemu kubwa ya uzito huo iko mbele, kwenye injini. Ukipakia tani ya saruji, karibu yote inaangukia ekseli ya nyuma, na uzito uliokuwa umezikalia springi za nyuma unazidi mara mbili. Springi inayoweza kupokea mzigo huo bila kulala lazima iwe ngumu siku ambayo nyuma hakuna kitu. Ndiyo maana jirani yako mwenye gari dogo la familia anapita tuta lile lile akiwa anaongea na simu, na wewe unatafuta pa kushika.

Anza na upepo wa tairi. Nakuomba usiuruke hata kama unaona ni jambo dogo, kwa kuwa pikapu nyingi mpya zinazoletwa kwangu na malalamiko kama yako zinaponea hapo. Magari mapya husafirishwa yakiwa yamejazwa upepo mwingi kuliko wa kutembelea, ili tairi zisibonyee upande mmoja kwa kusimama wiki nyingi melini na bandarini. Anayekukabidhi gari anatakiwa aupunguze, na hilo husahaulika mara nyingi. Pikapu ya mwisho niliyopima hapa Mtwara ilikuwa imetembea kilomita 600. Tairi zote nne zilisoma 46 kwa PSI, kipimo cha upepo, wakati kibandiko cha gari kinataka 29. Mwenyewe alikuwa ameshaulizia bei ya shokapu nne.

Fungua mlango wa dereva utazame kwenye nguzo, pale mlango unapofungia. Kuna kibandiko chenye saizi ya tairi na upepo wake, mara nyingi kwa safu mbili, ya gari tupu na ya gari lenye mzigo. Kikiwa kimeandikwa kwa kPa, kipimo kingine cha upepo, usibabaike: 200 ni sawa na PSI 29, na 240 ni sawa na 35. Pikapu nyingi za aina yako zinataka kati ya 29 na 35 zikiwa tupu, na nyuma hupanda hadi 40 au zaidi zikijaa, lakini fuata kibandiko chako, usifuate changu. Ile namba kubwa iliyochongwa ubavuni mwa tairi usiiguse. Ule ni ukomo wa tairi lenyewe, haujui limefungwa kwenye gari gani, na wajaza upepo wengi wanaitumia kana kwamba ndiyo kipimo.

Pima asubuhi kabla gari halijatembea. Tairi likipata joto usomaji unapanda kwa PSI 3 au 4, pengine zaidi, na ukipunguza wakati huo kesho yake utakuta pungufu. Nunua geji yako mwenyewe uiweke kwenye gari. Na ukishuka hadi namba ya gari tupu, weka ahadi na nafsi yako kwamba siku ya kupakia utajaza tena hadi namba ya mzigo. Tairi lenye upepo mdogo chini ya tani moja linajikunja ubavuni kila mzunguko, linachemka, na linapasuka ukiwa kwenye mwendo. Mchanga wa kule kwenu kwenye mashamba ni habari nyingine: hapo unaweza kushuka hadi 20 au 22 ukitembea taratibu ili usizame, ila ukitoka kwenye mchanga ujaze kabla ya kushika mwendo.

Ukiwa umeinama hapo, mulika tochi kwenye koili za springi za mbele. Baadhi ya magari mapya huwekewa vipande vya mpira au plastiki katikati ya koili ili yasicheze wakati wa safari ya meli, navyo hutakiwa kutolewa kabla gari halijafika kwa mteja. Kikibaki kimoja, upande ule unakuwa kama hauna springi. Si jambo la kila siku, lakini kuangalia ni nusu dakika. Ukikiona, usikichokoe mwenyewe, rudisha gari kwa aliyekuuzia.

Sasa kipimo cha pili, ambacho wewe mwenye duka hutahangaika kukipata. Chukua mifuko mitatu ya saruji, kilo 150, uilaze kwenye bodi juu ya ekseli, yaani usawa wa tairi za nyuma, usiisukume hadi kwenye mlango wa bodi. Ifunge kwa kamba kwenye zile ndoano za ndani, ifunge kweli kweli, kwa sababu mfuko wa kilo 50 uliolegea ukikanyaga breki ya ghafla unakuja kwenye kioo cha nyuma alipokaa mtu. Kisha pita barabara ile ile, mwendo ule ule. Kama gari limekuwa jingine, springi zako ni nzima na zilikuwa zinasubiri kazi tu. Wateja wangu kadhaa wameishia hapo. Wameshona viroba viwili vitatu vya mchanga kwa turubai, vinakaa kwenye bodi miezi ambayo hawana mzigo, na msimu ukianza wanavishusha. Dizeli itaongezeka kidogo. Kwa safari za kliniki naona hiyo ni bei nafuu.

Nije kwenye majani ambayo fundi wako anataka kuyatoa. Piga magoti nyuma ya tairi utazame springi. Utaona vyuma vilivyobebana. La juu ndilo refu kuliko yote, ncha zake zimekunjwa kuwa vitundu vinavyopita bolti, na ndilo linaloishika ekseli mahali pake. Chini yake yanafuata mafupi zaidi, na chini kabisa kwenye pikapu nyingi kuna jani nene, karibu limenyooka, ambalo halijakunjwa kufuata wenzake. Chana kipande cha boksi la misumari hapo dukani, ukipitishe kati ya ncha ya jani hilo nene na lile lililo juu yake, gari likiwa tupu.

Kikipita bila kugusa, umeona kitu ambacho mafundi wengi hawajawahi kukitazama. Jani lile halifanyi kazi gari likiwa tupu. Linasubiri mzigo uisukume springi hadi ilifikie, ndipo na lenyewe linasaidia. Ukilitoa, mama hatapata nafuu yoyote ya maana, na wewe Oktoba minada ya korosho ikianza utakuwa umepoteza jani lililowekwa kwa ajili ya siku hiyo. Akitoa ya katikati badala yake, hapo ni kweli gari litalainika. Lakini mzigo uliokuwa ukigawanywa kwa majani manne au matano sasa unabebwa na machache, na lile refu la juu linapinda kupita kiasi lilichotengenezewa.

Mwisho wake nimeuona kwa macho. Mteja mmoja wa Masasi alitolewa majani mawili kila upande, akatembea miezi saba akilisifia gari. Novemba alipakia korosho Newala, na alipokuwa anateremka ukingo wa uwanda kurudi Masasi, jani kuu la kushoto likakatika karibu na katikati. Ekseli ikarudi nyuma upande mmoja, gari likaanza kwenda mshazari na tairi likawa linasaga kwenye matigadi. Mungu alimjalia akasimama mahali penye nafasi. Springi ilipoletwa kwangu niliifuta kwa kitambaa nikaugeuza ule mvunjiko kwenye mwanga. Karibu nusu yake ilikuwa nyeusi yenye kutu, nusu iliyobaki inang'aa kama kijiko kipya. Maana yake ufa ulikuwepo siku nyingi, unatembea kidogo kidogo kila safari, na ile safari ya Newala ndiyo ilimalizia. Naisimulia kwa kila anayeniletea ombi kama lako, na sitaacha.

Kuna na madhara yasiyoonekana haraka. Nyuma ikishuka, taa za mbele zinainuka na kuwamulika machoni wanaokuja. Baadhi ya pikapu zina valvu ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo, inayokadiria mzigo kwa jinsi nyuma ilivyokaa chini. Ukiishusha nyuma kwa kupunguza majani, valvu inadhani umepakia na kupeleka nguvu nyingi kwenye breki za nyuma, na gari tupu kwenye lami iliyolowa linaburuta matako. Halafu gari lako ni jipya. Kabla mtu hajagusa springi, soma kitabu cha dhamana, na uulize bima yako kwa maandishi.

Ukishamaliza upepo na kile kipimo cha saruji na bado huridhiki, ziko kazi ndogo za gereji. Majani ya springi yanalainika kwa kuteleza moja juu ya jingine. Yakijaa tope na kutu yanashikana, na hapo vile viwimbi vya barabara ya vumbi, vilivyo kama mgongo wa bati, unavihisi kimoja kimoja. Sisi wa pwani tuna chumvi ya hewa, ninyi wa juu mna mchanga. Osha springi kwa maji baridi kila ukitoka kwenye vumbi kali, na ncha zake zikiwa na vipande vya plastiki vya kutelezea hakikisha havijadondoka. Ukitaka kulainisha, tumia dawa ya silikoni ya kupuliza. Nakusihi usikubali springi ipakwe oili chafu ya injini. Najua ndivyo tulivyofundishwa wengi wetu, lakini oili ile inakula bushi, yaani zile pete za mpira zilizo ndani ya vitundu vya ncha, na mchanga unaoganda juu yake unageuka msasa.

Kuhusu bushi, hili mwonyeshe fundi wako, kwa sababu linaharibiwa hata kwenye gereji kubwa. Bolti za ncha za springi zinapita ndani ya bushi za mpira. Ukizikaza gari likiwa limeinuliwa na tairi zinaning'inia, mpira unashikwa katika mkao ule. Ukilishusha, springi inanyooka na mpira unasokotwa, unabaki umesokotwa siku zote, unaivuta springi na kuifanya ngumu zaidi, kisha unapasuka mapema. Bolti zile hukazwa mara ya mwisho tairi zikiwa chini na gari limekaa kwa uzito wake, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na kwa kipimo cha kitabu. Kama kuna mtu aliwahi kuzifungua, alegeze, alitikise gari, akaze upya. Nimewahi kupata mabadiliko makubwa kwa kazi hiyo peke yake.

Tairi zenyewe zina neno. Angalia namba zako. Pikapu za bei ya juu siku hizi zinakuja na rimu za inchi 18, tairi 265/60, ambalo ubavu wake una milimita 159. Nyingine zinakuja na rimu za inchi 17, tairi 265/65, ubavu milimita 172. Kimo cha tairi zima ni kile kile karibu kabisa, kwa hiyo spidi haidanganyi, ila la pili lina mpira na upepo zaidi kati ya rimu na jiwe. Ukiwa na 18 na una mpango wa kubadilisha tairi baadaye, ulizia rimu za 17 za gari lako, uhakikishe zinapita kwenye breki za mbele kabla ya kulipa. Na usivutiwe na tairi zenye tabaka nyingi za malori kwa kuwa "hazitoboki". Ubavu wake ni mgumu, na mama atakuwa wa kwanza kukuambia.

Shokapu nimeziacha nyuma kwa makusudi, ingawa wengi huanza nazo. Shokapu haibebi gari. Inaituliza springi isiendelee kucheza baada ya shimo, kwa kusukuma mafuta kwenye vitundu vyembamba na kugeuza mchezo ule kuwa joto. Kwa kilomita 2,800 sitegemei ziwe zimekufa. Baada ya safari ndefu ya vumbi sogeza mkono karibu na kila moja bila kuishika kwa nguvu, maana zinaweza kuunguza: zote zikiwa na joto linalofanana, zinafanya kazi. Moja ikiwa baridi wenzake wana moto, au ina mafuta yanayotiririka ubavuni, hiyo ni ya kudai kwenye dhamana.

Ukija kununua springi na shokapu mpya miaka ijayo, muuzaji mwenye ujuzi atakuuliza unabeba kilo ngapi kila siku. Mjibu ukweli wa siku nyingi, usimjibu kwa siku mbili za fahari. Seti nyingi za kuinulia gari zinazouzwa kwa picha nzuri zimetengenezwa kwa magari yanayobeba mamia ya kilo muda wote, na ukifunga kwenye pikapu inayotembea tupu itakuwa ngumu kuliko ya kiwandani. Waulize wana springi ya mzigo mwepesi. Wengine watakushauri springi laini pamoja na mifuko ya mpira inayojazwa upepo, inayokaa kati ya ekseli na chesisi, ya kusaidia msimu wa mzigo. Inafanya kazi kwa kiasi, lakini mfuko unasukuma chesisi sehemu moja katikati, wakati springi inaishika sehemu mbili za mbali. Pikapu za dabo kebini zilizopakiwa kupita kiasi juu ya mifuko hiyo zimewahi kupinda chesisi nyuma ya kebini. Mfuko hauongezi tani.

Kwa mama, usisubiri gereji. Mkalishe kiti cha mbele. Kiti cha nyuma cha dabo kebini kiko karibu na ekseli ya nyuma, na kila teke la springi linafika pale kwanza. Kwenye tuta, punguza mwendo mapema kisha uachie breki kabla tairi za mbele hazijapanda. Ukipanda ukiwa bado umekanyaga, pua ya gari imeinama na springi za mbele zimeshabanwa nusu, hazina nafasi ya kupokea kitu. Madereva wetu wengi wanakanyaga breki mpaka juu ya tuta. Jaribu hili kwenye matuta ya kuingilia Mtwara mjini, ukiwa na yeye pembeni, umwulize.

Msimu ukifika shusha viroba, jaza upepo wa mzigo, na ukague yubolti za springi, zile bolti za umbo la U zinazoifunga kwenye ekseli, kwa spana kabla ya tripu ya kwanza kwenda ghalani. Kwa sasa niandikie namba nne ulizosoma kwenye tairi kesho asubuhi, namba ya kibandiko, na kama kile kipande cha boksi kilipita au kiligusa. Kwa hayo nitajua nikuambie nini zaidi, na fundi wako naye aje asome, sina ugomvi naye.